Chapati za Ijumaa kwa Dana

Mwezi jana nilirudi Ndhiwa, na boma la Dana sikuliona. Nilisimama pale ambapo najua mlango wa ua ulikuwa, nikaona miwa tu, mirefu kuliko mimi, imelimwa hadi ukingoni mwa makaburi. Baba mkubwa alikodisha ardhi yote kabla hajafa. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia upande wa pili aliinua mgongo, akanitazama sana, kisha akasema, "Wewe ni mmoja wa wale watoto. Siku ya Ijumaa tulikuwa tunasikia harufu yenu hadi mtoni." Akacheka, akarudi kwa jembe lake. Nami nikakaa chini pale pale kwenye nyasi.

Dana ni nyanya kwa Kijaluo chetu. Huyu wangu alikuwa mama mzaa baba, mwembamba, mrefu, Msabato wa kweli. Watoto wake walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine, miaka ile ambayo kila boma lilikuwa na kaburi bichi na hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina. Kila mazishi yalipokwisha, yeye alirudi nyumbani na wajukuu wengine. Wa kwanza kuletwa walikuwa wavulana wa mwanawe wa pili, kisha mimi na mdogo wangu wa tumbo moja, kisha watoto wa mashangazi waliofia ndoani. Mwishowe tulilala sakafuni tumepangana kama omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juani.

Sasa wewe niambie, mwanamke mmoja mwenye kipande cha shamba na ng'ombe wachache atalishaje jeshi kama hilo? Siku za kawaida tulikula ugali na mboga za kienyeji, tukashukuru. Lakini Ijumaa ilikuwa siku ya maandalizi. Jua likishazama, moto hauwashwi tena kwa mapishi hadi Sabato iishe, kwa hiyo chakula cha siku mbili kilipikwa alasiri moja. Na chakula hicho kilikuwa chapati za maji.

Kikaango hatukuwa nacho. Tulikuwa na diski ya plau, sahani ya chuma ya jembe la trekta. Babu, kabla hajafariki, alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, na diski moja ilipopasuka ukingoni alipewa akaenda nayo nyumbani. Fundi wa kuchomelea pale sokoni aliziba tundu la katikati. Dana aliisugua kwa mchanga na mafuta hadi ikawa nyeusi inayong'aa, akaiweka juu ya mawe matatu. Ilikuwa pana kama ungo. Chini yake tulichoma makapi ya miwa, maana hayo hayakununuliwa. Uliyabeba tu kutoka kwa wapika sukari nguru.

Kazi zilikuwa na wenyewe. Wavulana walileta makapi na maji. Binamu yetu mkubwa, msichana aliyekuwa karibu kumaliza shule ya msingi, alichekecha unga: wa ngano kidogo, wa mahindi zaidi, na wa muhogo wa kushikisha. Mimi nilikata majani ya kitunguu na kuyeyusha kipande cha sukari nguru katika maji ya uvuguvugu. Dana mwenyewe ndiye aliyekoroga, kwenye karai, hadi uji ulipochuruzika kutoka kwenye upawa bila kukatika. Kisha alipaka diski mafuta kwa gunzi lililofungwa kitambaa, akamimina, na sauti ile, chwaaa, ilitunyamazisha sote.

Hakupika chapati ndogo ndogo. Alipika moja kubwa, iliyojaa diski nzima, akaigeuza kwa vijiti viwili, akaikata vipande kama mtu anayegawa keki ya harusi. Halafu nyingine, na nyingine. Pale fundi alipoziba tundu palibaki kinundu, na kila chapati ilitoka na alama katikati. Tuliiita kitovu. Kitovu kilikuwa cha mdogo wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na hakuna aliyebisha. Chapati zikiisha, omena walikaangwa kavu pale pale na chumvi na nyanya moja. Dana alikuwa na msemo wake: "Chakula cha wengi hakipimwi kwa sufuria, kinapimwa kwa kisu." Kisu chake hakikumwonea mtu.

Tulioga, tukavaa nguo safi, tukaketi kufungua Sabato kwa wimbo na maombi huku jua likishuka upande wa ziwa. Kesho yake, baada ya kanisa, tulikula zile chapati zikiwa baridi. Nadhani zilikuwa tamu zaidi zikiwa baridi. Au labda ni kwa sababu tu tulikuwa pamoja.

Ijumaa moja ya masika, Dana alikuwa ameinua upawa kumimina, mara upawa ukaanguka kwenye majivu. Aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Alitaka kutuambia kitu, mdomo ukaenda upande. Majirani walimbeba hadi hospitali, na aliporudi alirudi nusu. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa, na ulimi ulikuwa mzito.

Tulijaribu. Naapa tulijaribu. Binamu yetu alishika upawa, na Dana, akiwa amelala kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, alielekeza kwa fimbo: moto mwingi, punguza, geuza sasa. Chapati zikaungua, zikakatika, tukazila hivyo hivyo na kumwambia ni tamu. Lakini shamba halikulimwa. Unga ukapungua. Wavulana wakaanza kukosa shule kwenda kukata miwa.

Basi wakubwa wakaja. Baba mkubwa, mwanawe wa kiume pekee aliyebaki, alitoka Migori mjini, na shangazi mmoja alitoka Kegonga, ambako aliolewa na Mkuria. Aliandamana na mumewe. Dada ya mama yetu naye alikuja. Yeye alikuwa Mkatoliki, mfanyabiashara wa nguo kuukuu kule Asumbi. Walikaa uani kwa viti vya kuazima. Sisi tuliambiwa twende tupike, ilikuwa Ijumaa, na kutoka jikoni tulisikia kila kitu.

"Mama, watoto hawa hawawezi kubaki hapa," baba mkubwa alisema.

Dana alijibu polepole, akivuta kila neno kama ndoo kisimani. "Ng'ombe gawaneni. Shamba gawaneni. Watoto msiwagawe."

"Nani atawalisha? Wewe mwenyewe unalishwa."

"Wanalishana."

"Mama, wanakufa njaa mbele ya macho yako."

Na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, rafiki yangu: baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akilia. Alikuwa amesema kweli, na Dana pia alikuwa amesema kweli, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuleta njia nyingine. Binamu yetu alikata chapati, tukawapelekea wakubwa kwanza, kisha tukala. Nakumbuka wavulana walicheka kitu fulani. Tulikuwa watoto.

Jumapili tuligawanywa. Wavulana walipelekwa visiwani kwa jamaa waliovua samaki. Binamu yetu mkubwa alikwenda na baba mkubwa mjini. Mimi nilipewa dada ya mama, niende Asumbi. Mdogo wangu akapewa shangazi, kwa sababu shangazi hakujaliwa mtoto.

Mume wa shangazi hakujua Kijaluo. Alichuchumaa, akamwambia kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Kuja mtoto. Usiogope. Kwetu maziwa ni mingi." Mdogo wangu alikishika kitambaa cha gauni langu kwa mikono yote miwili. Shangazi alimfungua vidole, kimoja kimoja, akiniambia, "Ni hadi Desemba tu, mama. Desemba mtakutana hapa." Dana kwenye mkeka alifungua mdomo, ikatoka sauti moja tu isiyo na neno, na haikukoma hadi wote walipopotea barabarani.

Desemba haikumkuta Dana hai. Kwenye mazishi shangazi alikuja peke yake. Alisema mtoto ana surua. Mwaka uliofuata shangazi naye akafa, mumewe akaoa mwingine, na sisi tukawa watu wa kusikia tu kwamba yule mtoto yuko salama.

Nilimpata mdogo wangu nikiwa mama wa watoto wangu. Mwanamke mmoja anayenunua ndizi Kegonga alinieleza nyumba ilipo. Nilifika asubuhi. Alitoka jikoni na mtoto mkononi, mrefu, mwembamba, na uso ulikuwa wa Dana kabisa, hadi nikashika nguzo ya mlango. Nikamwita kwa Kijaluo, "Nyaminwa," yaani dada yangu.

Alitabasamu kama mtu anavyotabasamu kwa mteja. "Pole mama, mimi sisikii Kijaluo."

Basi tukazungumza Kiswahili, lugha ya sokoni, mimi na mtoto wa mama yangu. Nilimweleza yote. Alisikiliza kwa heshima, akanimiminia chai ya maziwa, akasema amewahi kuambiwa kwamba alitoka upande wa Wajaluo, lakini mama anayemjua ni yule aliyemlea hapo, mke wa pili. "Na huyo nyanya," akauliza, "alikuwa mtu wa namna gani?" Nilianza kusema, nikaona kwamba kwa Kiswahili Dana alikuwa mzee tu aliyepika chapati. Yaliyobaki hayakutoka.

Aliponisindikiza, mtoto wake alimuuliza kitu kwa Kikuria. Nilitaka kujua amesema nini.

"Anauliza wewe ni nani."

"Umemwambiaje?"

Alitazama kando. "Nimemwambia ni mgeni."

Hatukufa njaa. Lazima niseme hivyo. Kila mmoja alilishwa mahali alipopelekwa. Mvulana mmoja alizama ziwani, mwingine yuko mbali na hapigi simu, binamu yetu alifia uzazini. Wakati mwingine nikikosa la kufanya huwataja wote kwa kufuata tulivyolala sakafuni, kuanzia mlangoni. Nikifika ukutani nakwama. Palikuwa na mtoto wa shangazi mmoja, mkimya, aliyelala ameelekea ukuta. Jina lake silikumbuki, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza.