Stika ya Mdomo Uliopinda

"Nimeshaifuta! Nimeifuta kwa kidole changu mwenyewe, unataka nini tena?"

"Umeifuta kwako tu, Mama! Kwao bado iko, inawakodolea macho!"

Wuraola aliacha mwiko chunguni, akaisogeza simu puani kama anayenusa samaki wa juzi. Mtaa mzima wa Beere, hapo Ibadan, ulimjua kwa mambo mawili: amala, ugali wake wa unga wa viazi vikuu, laini kuliko shavu la mtoto, na stika. Msalimie, atakujibu kwa mbuzi anayecheza. Mwambie una mafua, atakuletea mzee anayezirai. Katika kundi la simu la wauza chakula alikuwa hajaandika neno tangu mvua za mwaka juzi, na hakuna aliyewahi kushindwa kumwelewa.

Lakini hili lilikuwa kundi la wakwe. Baba yake Adegbite, kijana anayemchumbia binti yake Tanimola, alikuwa ameandika kwa adabu zote kwamba Jumamosi wataleta viazi vikuu, asali na vitambaa vya mahari. Furaha ikampanda Wuraola kichwani. Akaitafuta stika ya mwanamke anayerusha kilemba hewani. Kidole kilikuwa na unga, kikateleza, ikaenda ile ya bibi aliyepindisha mdomo mpaka sikio likasogea kumpisha, macho yakiuliza: hivyo tu?

"Sasa wanadhani tumevidharau viazi vyao," alisema Tanimola, machozi yakimlengalenga.

"Nitawaomba radhi. Ninayo ya paka aliyepiga magoti."

"Mama, usiguse hiyo simu! Kwani unajua huyo bibi ni nani?"

"Bibi wa stika ni bibi wa stika! Huyo kazunguka nchi nzima. Kule Kano dereva alimwona kwenye simu, akacheka mpaka lori nalo likacheka, vitunguu vyote vikamwagika barabarani. Nani atamjua?"

"Adegbite anamjua. Ni nyanya yake, Mama Ayinke! Yule ambaye asipokubali Jumamosi, hakuna harusi. Walimpiga picha kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, alipoletewa wali mwekundu bila nyama."

Wuraola akaishusha simu.

"Bila nyama kabisa?"

"Bila nyama."

"Basi alikuwa na haki. Mimi ningepinda na shingo."

"Mama!" Tanimola alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. "Tangu asubuhi kundi zima kimya. Hata shangazi yao anayetuma dua kila saa, leo kimya. Wanakuja kuvunja uchumba, nakwambia!"

"Wakija watanikuta. Nitamwambia huyo bibi machoni kwamba—"

Mlango ukasukumwa. Kilemba kiliingia kwanza, kipana kama ungo, na chini yake Mama Ayinke mwenyewe na fimbo yake. Tanimola akapiga magoti. Wuraola naye puu, simu kaificha kiunoni.

Bibi aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Kisha mdomo wake ukaanza safari, taratibu, kuelekea sikioni. Ule ule! Ila mkubwa zaidi, na unatikisika kwa kicheko.

"Wajukuu wote wananicheka kwa hiyo picha, na hakuna hata mmoja aliyenitumia," alisema, akitoa simu mkobani. "Nitumie, mkwe. Halafu nipakulie amala. Na nyama iwepo."