Jani la Isale kwa Watu wa Pande Mbili

Harufu ya kuvumwani iliyolowa ikinifikia, hata ikitoka kwenye ukuta wa choo cha soko, narudi juu ya Mwika nikiwa na miaka kumi, ukingoni mwa bwawa tulilokuwa tukiliita Jicho. Mfongo wetu ulianzia hapo: mfereji uliochimbwa ubavuni mwa mlima na mababu, ukipeleka maji kihamba kwa kihamba, yaani kila nyumba na shamba lake la migomba, kwa zamu. Zamu yetu ilikuwa Alhamisi. Na chini ya Jicho, kila mtu alijua, ulilala mji wa Watu wa Pande Mbili, walioishi nusu siku majini na nusu siku nchi kavu kama vyura, wakatoweka kabla mababu hawajapanda mgomba wa kwanza. Tuliwajua kama unavyomjua mpangaji aliyehama kabla hujahamia: kwa misumari aliyoiacha ukutani.

Mwaka ule masika yalikuja kama mgeni aliyesahau kitu, yakakichukua yakaondoka. Juu ya hayo, ukuta wa banio letu, unaozuia maji yapande hadi mdomo wa mfongo, ukapasuka chini, na Jicho likamwagikia bondeni mpaka mji ukatokeza. Nilishuka kwa vidato vya mawe nikivihesabu: arobaini na kimoja. Nikapanda nikihesabu: arobaini na kimoja. Mimi hata rozari niliihesabu punje kabla ya kusali. Kila nyumba ilikuwa na milango miwili, wa juu wa kutokea kwenye nyasi na wa chini wa kutokea majini, na mawe yake yamekaa pamoja hivi kwamba wembe haupiti. Vitanda vilichongwa kama hori la ng'ombe, upande mmoja ukiwa na kina, na nikaelewa kwamba walilala miguu ikiwa majini. Kwenye kizingiti cha nyumba ya mwisho palikuwa na alama ya kiganja, kama kilichokandamizwa kabla jiwe halijawa jiwe. Kiganja cha mtoto, vidole vimeunganishwa na ngozi kama mguu wa bata. Nikaweka changu juu yake. Kikalingana. Nikakitoa, nikaweka tena. Sijawahi kukosa kasoro ya kutaja kwenye kitu chochote. Pale niliikosa.

Lakini Alhamisi mbili zilikuwa zimepita bila tone. Majani ya migomba yetu yalikuwa yameanza kujikunja, na Bibi, aliyenilea, alikuwa akimkatia ng'ombe mashina yake, maana nyasi zilikwisha. Ndipo Meku Deogratias, mkuu wa mfongo (meku ndiyo heshima yetu kwa mzee), akapiga baragumu na kila nyumba ikatoa mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema, na mawe haya hapa, yamechongwa tayari, hayana mwenyewe. Wanaume wakabishana jiwe lipi. Nikanyoosha kidole kwenye moja la mviringo kama sinia, katikati ya ua wa mji, likiwa chini ya maji ya kifundoni.

"Lile. Halina hata kona ya kuchonga."

"Katoto kana jicho la dalali haka," alisema Meku. "Lileteni."

Wanaume wanne walilibeba, na likaingia kwenye ufa kama lililopimwa. Asubuhi Jicho lilikuwa tupu. Maji yaliyobaki yalikuwa yameteremkia kwenye shimo la lile jiwe, na chini kabisa yakasikika kama ng'ombe anayekunywa. Watu wa mifongo tangu kuzaliwa, tunaokijua kizibo hata gizani, tulikuwa tumeng'oa kizibo cha wenzetu na kukiita jiwe.

"Muulizeni dalali," mmoja alisema.

"Shemeji, yeye alinyoosha kidole," Bibi akamjibu. "Mabega yalikuwa ya nani?"

Akaenda kwenye mpaka wa kihamba chetu, akakata jani la isale, akalifunga fundo. Kwetu ukimpelekea isale uliyemkosea, hana njia ya kukataa kusamehe.

"Utampa nani, mama?" Meku aliuliza. "Wenyewe hawapo."

"Nyumba zao zipo. Kwani mtu akienda sokoni, ndiyo unamwibia?"

Jiwe likarudishwa. Isale nilipewa mimi, kwa kuwa kidole kilikuwa changu. "Huko hakuna bei," Bibi alininong'oneza. "Omba tu." Nililiweka kwenye kile kiganja, nikaomba radhi kwa Kichagga, kisha kwa Kiswahili, nikamalizia na ishara ya msalaba, maana dhehebu lao silijui. Sauti ya kunywa ilikoma. Halafu, kutoka kwenye vitundu vya kuta nilivyodhani ni vya panya, maji yakaanza kutoka, nyumba zote kwa pamoja, kama mji mzima umeshusha pumzi. Meku Deogratias alivua kofia.

Ufa tuliuziba kwa mawe ya mtoni na udongo. Alhamisi iliyofuata maji yalifika kwenye migomba yetu. Nilihesabu kila kilichoelea juu ya Jicho: majani mawili ya mgomba, kandambili moja. Isale halikuwepo. Nikahesabu tena.

Sasa naishi Rau, nafungua bomba ndani ya nyumba nikiwa nimejifunga kanga, na sokoni Moshi wanajua sikubali neno la kwanza la mtu. Bibi alishazikwa kihambani. Juni iliyopita nilipanda kwenda Mwika. Masika yalikuwa yamenyesha vizuri, banio sasa ni la saruji na halina ufa hata wa kupitisha siafu, lakini vidato thelathini na vinane kati ya arobaini na kimoja viko nje, vikavu, na watoto wanaanika kahawa juu yake. Nilikata isale mpakani kwa Bibi, nikashuka hadi maji yalipoanzia. Zamani wanaume wanne walinitangulia na jiwe. Safari hii nilikuwa na jani peke yake, na sikujua tumechukua nini tena cha kurudisha. Nikaliweka majini, nikaomba kwa lugha zote mbili. Nilipofika juu niligeuka kulitazama, nikageuka tena. Lilikuwa bado linaelea.