Taa za Bi Ndoo

Watu wa jengo lile walimwita Bi Ndoo, maana hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo mkononi. Miaka kumi na mmoja alisafisha ghorofa tatu za juu, magoti yakaisha hapo hapo. Jioni anadeki, asubuhi na mapema anafagia mlangoni. Na msimu wa ndege wahamao ukifika, ndiyo balaa: anawakuta wamelala chini ya ukuta wa vioo, shingo zimevunjika, kumi, ishirini. Anawazoa huku ananung'unika, "Jamani, nyie hamna macho?"

Asubuhi moja alimkuta dada mmoja, mtafiti wa ndege, amechuchumaa, anawaokota.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niachie tu, nishazoea."

"Wanatoka mbali hawa, mama. Wanasafiri usiku, wanafuata nyota. Wakikuta taa zinawaka kule juu wanachanganyikiwa, wanazunguka weee, mpaka wanagonga. Sijui nani anaacha taa zinawaka zile ghorofa tatu."

Bi Ndoo akainua macho kule juu. Kumbe mchawi mwenyewe ni yeye! Ndiyo desturi ya wasafishaji: ukimaliza ghorofa, unaiacha na taa zake. Wao wakishaenda zao, msimamizi anapita barabarani, anahesabu madirisha. Penye giza hapajasafishwa, na mvivu hana kazi. Na kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mjukuu wake.

Alitamani asingeambiwa. Jioni alideki, mgongo unamuuma, kisha akazima taa, moja baada ya nyingine.

Asubuhi pale mlangoni hapakuwa na hata unyoya. Palikuwa na msimamizi na daftari lake.

"Bi Ndoo, jana ulikuwa wapi? Kwako giza totoro!"

"Panda ukaone panavyong'aa."

"Nipande ngazi zote hizo, mimi kichaa? Naandika ninachokiona. Leo washa, yaishe."

"Ndege wanakufa, baba."

"Ndege! Unawasha au huwashi?"

Neno "nawasha" lilimfika mdomoni kabisa. Akatazama sakafu ile safi, bila ndege hata mmoja.

"Siwashi."

"Basi acha ndoo hapo."

Akaiacha. Akajikokota mpaka langoni, kwa mlinzi aliyemfungulia lango lile miaka yote kumi na mmoja. Mlinzi akaitazama mikono yake mitupu, akamsogezea kitabu.

"Samahani, mama. Wageni wanasaini hapa wakitoka."

Alikuwa amechoka, hata kubisha hakuweza. Akasaini.