Siku ya Kukagua Waya

Kila mwezi ulipoandama, siku ya tatu yake, Dabaso alioga mapema, akavaa kanzu iliyofuliwa, akaenda kutazama kama waya wa simu ungeweza kuua mtu mwezi huo. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na serikali, na hakuna mwingine pale Garsen aliyeielewa vizuri, hata waliomwajiri.

Kituo kilikuwa nyumba ya udongo ya vyumba viwili, juu ya ukingo wa Tana. Ndani mlikuwa na chupa kumi na sita za maji ya buluu ya mrututu zilizotoa nguvu ya kusukuma maneno hadi Kipini, kidude cha kugongea maneno hayo, na ukutani kinga ya radi: mabamba mawili ya shaba yaliyotazamana, katikati pana mwanya mwembamba kama ukucha. Bamba moja lilishikana na waya wa nje. La pili lilishikana na waya ulioteremka hadi kwenye tope la mtoni. Radi ikipiga nguzo huko mbugani, iruke ule mwanya, iingie ardhini, imwache karani na mkono wake.

Dabaso alifungua waya wa nje, akafuta mabamba, akakwangua kutu, akagusa nyaya za chupa kwa ncha ya ulimi, moja baada ya nyingine, akajua kwa ule uchachu ipi imechoka. Mwisho alishuka mtoni, akafukua waya wa ardhini, akautazama, akaufukia, akarudi kuuunga na dira. Sindano ikiruka, ardhi inapokea. Kazi yote ilichukua tangu jua kuchomoza hadi saa nne, na muda huo wote waya ulikuwa bubu.

Zamani hakuwa mwangalifu hivyo. Karani wa kwanza alikuwa mtu wa Mombasa, mcheshi, mpenzi wa kahawa. Mwaka huo maji ya mafuriko yalikuwa yanashuka, na kwao Dabaso, Kulesa, watu walikuwa wanapanda mpunga kwenye tope kabla halijakauka. Siku ya kukagua ikafika, Dabaso akasema atakwenda kesho. Akasema hivyo siku nne. Mto ulikuwa umerudi nyuma, ardhi imekauka, na kiungo cha waya kimelika na kutu huko chini. Siku ya tano ikaja mvua ya radi. Dabaso ndiye aliyekwenda kuvunja mlango, akamkuta karani amekaa kitini, mkono bado uko juu ya kidude. Hakuna aliyemlaumu Dabaso, maana hakuna aliyejua kwamba kinga haikukaguliwa. Tangu hapo hakuisogeza siku ya tatu hata mara moja, si kwa homa, si kwa msiba, si kwa Idi.

Binti yake wa pekee, Tuneya, aliolewa Kipini na mshona tanga aitwaye Athman. Mimba ya kwanza ilitakiwa aje kuizalia kwa mamake, lakini mafuriko yaliwahi, njia zikazama, mtumbwi ukawa hatari kwa tumbo kubwa. Ikakubaliwa kwamba Arafa, mamake, atashuka mara uchungu utakapoanza. Athman alimjua karani wa Kipini. Angeleta neno kwa waya. Mtumbwi wa posta uliondoka Garsen saa tatu na nusu, na kwa kasi ya maji yale ungefika Kipini magharibi.

Neno la kwanza lilikuja siku ya pili ya mwezi: siku zake zimetimia, kaeni tayari. Arafa akafunga furushi la nguo, mafuta na dawa za uzazi.

Asubuhi ya siku ya tatu, karani mpya, Abdulsalam wa Lamu, alimkuta Dabaso tayari ameshika bisibisi. Akamsihi. Akasema neno la Kipini huenda likaja saa yoyote, na kinga ilikaguliwa mwezi uliopita tu, itakuwa na nini.

"Mzee Dabaso, ngoja kesho. Mimi ndiye nikaaye hapa, na mimi nimeridhia."

Dabaso alitazama juu ya mto. Kulikuwa na wingu huko bara, jeusi, bado mbali. Akageuza bisibisi mkononi.

"Kesho ndiyo iliyomuua mwenzio," akasema, akafungua waya.

Kule bandarini Hiribae, mpiga kafi wa posta, alikuwa amekwisha kupakia mifuko. Arafa alikaa kwenye gogo, furushi mapajani, akingoja neno la Kipini. Hiribae, asiyejua kunyamaza, akamwambia asikasirike, mke mwenza wake wa shaba bado anaogeshwa. Arafa akacheka, akamjibu kwamba huyo mwenza angalau hali wali wake. Saa tatu na nusu ikafika. Hiribae akangoja hadi kivuli cha kafi kikafupika, akaomba radhi, akasukuma mtumbwi. Kulikuwa na viboko penye kona ya mto, na hakutaka kuwapita jua likizama.

Saa nne Dabaso aliunga waya. Kidude kikaanza kulia hata hajatoa mkono. Kipini walikuwa wanaita tangu jua kuchomoza: uchungu umeanza.

Walipata mtumbwi mwingine alasiri, wa mvuvi mmoja, mzito na wenye kuvuja. Ukafika Kipini kesho yake mchana. Arafa aliwakuta wanaume wanarudi makaburini, wananawa mikono. Tuneya alikufa alfajiri ya siku hiyo, na mtoto naye. Mkunga alisema mikono mingine isingebadili kitu. Mtoto alikaa vibaya. Lakini alisema pia kwamba binti aliuliza kama mtumbwi wa posta umefika, na walipomwambia umefika na mifuko tu, hakuuliza tena.

Ile mvua haikupiga Garsen. Wingu lilikwenda kumwagika upande wa Minjila.

Arafa alirudi baada ya arobaini. Alipika, alifagia, alimtengea mumewe maji ya kuoga. Siku ya saba tangu arudi akamuuliza, akiwa anapepeta mchele, bila kuinua macho:

"Baba Tuneya, siku ile kinga uliikuta mbovu?"

Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua?

"La," akasema. "Ilikuwa nzima."

Arafa akaendelea kupepeta.

Mwezi ulipoandama tena, siku ya tatu, Arafa alimfuata mumewe hadi kituoni akiwa na mkeka. Akautandika mlangoni, akakaa. Alimtazama akifungua waya, akifuta shaba, akigusa chupa kwa ulimi. Alimtazama akishuka mtoni na kurudi na tope hadi magotini. Abdulsalam alimletea kahawa, ikapoa. Saa tatu na nusu sauti ya Hiribae ilisikika bandarini ikiaga watu, na mikono ya Dabaso ikasimama juu ya dira, kisha ikaendelea.

Sindano iliruka. Akaunga waya wa nje, akampisha karani. Abdulsalam akakaa, akaweka mkono juu ya kidude, akaanza kugonga salamu za Kipini. Arafa akautazama mkono ule, vidole vyembamba vya mtu aliyekuwa na mama yake mahali fulani, vinapanda, vinashuka. Aliutazama hadi salamu zikaisha. Kisha akakunja mkeka wake, akamwambia mumewe aende nyumbani akaoshe miguu, naye akatangulia.