Kitambaa Cheupe Chini ya Landrova

Marehemu Ndolo alimfundisha mkewe Mbinya kushika usukani kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa yanamwisha. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na tisa. Watu wa Kathonzweni walisimama kando ya barabara wakacheka. Mbinya akawapigia honi. Tangu hapo ile Landrova kuukuu ikawa miguu yake. Ilipeleka mbaazi sokoni, ikapeleka akina mama wenye uchungu hospitalini, na wawili walijifungulia humo humo nyuma, juu ya magunia.

Mwaka wa themanini na tatu gari likaanza kudondosha oili. Sili ilikuwa imechoka, ile pete ya mpira inayozuia oili pale shafti inapotokea kwenye giaboksi. Jumapili moja likaacha doa kubwa kwenye saruji mpya mbele ya kanisa, saruji ambayo Kisilu, kaka wa marehemu, ndiye aliyesimamia ikimwagwa.

"Mama Mutindi," Kisilu akamwambia Mbinya mbele ya watu wote, "hii gari imezeeka. Kuna mtu Ikutha anataka injini yake avutie maji. Tuiuze."

"Hata wewe umezeeka, shemeji, na hakuna aliyekutafutia mnunuzi."

Watu wakacheka. Kisilu hakucheka. Ndipo Mbinya, na ule mdomo wake usiojua kurudi nyuma, akasema, "Jumapili ijayo nitaiweka hapa hapa. Ikidondosha tone moja tu, chukua funguo."

Jumatatu akalipeleka gari kwa Mutie, fundi wa sokoni. Mutie akafungua shafti, akang'oa sili kuukuu, akagonga mpya. Jumatano oili ikatoka tena. Akagonga nyingine, Ijumaa asubuhi, doa lile lile.

"Mwaitu, mama yangu, nimeshindwa," Mutie akasema, akijipangusa mikono. "Sili ni mpya, umeiona ikitoka kwa karatasi."

"Umeshindwa na pete ya mpira, na ndevu zote hizo? Fungua tena."

"Nifungue nione nini?"

"Nione mimi."

Mutie akafungua, akinung'unika. Mbinya akatandika gunia, akajiingiza chini ya gari. Katika kusoma hakupita jina lake, lakini vidole vyake vilijua vitu. Akapitisha ukucha kwenye shingo ya shafti, pale sili inapoigusa. Ukucha ukakwama. Akarudia, ukakwama pale pale.

"Mutie, hapa pana mfereji."

"Ni kidogo tu, mama. Hiyo ni miaka."

"Hujawahi kuteka maji wewe, ndiyo maana."

Kule kisimani kwao kamba ya ndoo ilikuwa imekula gogo la ukingoni mpaka ikachimba mfereji, na kila kamba mpya ilitumbukia mle mle ikasagika. Wanawake hawakutafuta gogo lingine. Waliisogeza kamba kando kidogo, ikapita vizuri.

"Kila sili unayoweka inaangukia mfereji wa ile ya zamani," Mbinya akasema kutoka chini. "Usiigonge mpaka mwisho. Iache nje kidogo, iguse chuma kizima."

Mutie akajikuna kidevu. "Na ikikataa?"

"Ikikataa gari ni ya Kisilu, na wajawazito utawabeba wewe mgongoni."

Ilibaki sili moja tu dukani. Mutie akaipaka oili mdomoni, akaigonga taratibu akiizunguka, akasimama kabla haijafika mwisho.

Jumapili Mbinya akaegesha juu ya ile saruji. Akafungua kitambaa chake cheupe cha kanisani, akakitandaza chini ya giaboksi, akaingia ibadani kichwa wazi. Wimbo aliimba, lakini funguo alizikaza mkononi hata zikamchora kiganja.

Ibada ilipokwisha, Kisilu ndiye aliyetangulia kutoka. Akainama, akavuta kitambaa. Vumbi, na sisimizi mmoja. Akakigeuza upande wa pili. Akakinusa.

"Labda hamkutia oili ndani," akasema.

"Mimi nimeijaza mwenyewe," Mutie akajibu. "Lala chini, mzee, ufungue uonje."

Mbinya akakichukua kitambaa, akakikung'uta mbele ya watu wote, akajifunga kichwani.

"Panda, shemeji, nikufikishe nyumbani."

Kisilu akapanda nyuma, kwenye magunia, kwa sababu kule mbele Mutie alikuwa ameshakaa.