Nilipokatazwa Kusema Karibu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Mbingu, nilikatazwa kusema karibu. Nilikatazwa neno lenyewe, kwa mtu yeyote, nyumbani na shuleni, na aliyenikataza ni Bibi mzaa baba, mwanamke ambaye hata kuku wa jirani akichungulia mlangoni alikuwa anamwambia karibu, umekosa nini kwenu.

Jambo hili lilikuwa limelala kichwani miaka yote. Limeamka juzijuzi tu, hapa Ifakara, mwanangu Neema alipoota kinyama kwenye ukingo wa kope, jicho la kulia, na mama mkwe wangu akapiga simu kutoka Mlimba kwamba anakuja na dawa, nisiende popote, nimsubiri. Neema bado hajafika umri wa chekechea. Nikakata simu. Ya Neema nitayasema, ila hayaeleweki bila ya shingo yangu, kwa hiyo nianze na shingo.

Mwaka ule mama na baba walikuwa wamehamia shambani bondeni kuamia ndege. Anayelima mpunga anajua, punje zikianza kujaa kwelea hawana huruma, watu wanakaa kwenye dungu mpaka mavuno, wanapiga debe na kelele kutwa nzima. Mimi niliachwa kwa Bibi kwa ajili ya shule. Bibi alikuwa anapika vitumbua vya kuuza, na ndipo wakati ule nikaota sundosundo shingoni, chini ya sikio. Lilianza kama kipele, likajivuta, likawa linaning'inia kwenye kikonyo chembamba kama punje ya mpunga ambayo haijaanguka. Haliumi, haliwashi. Lakini shuleni, mama yangu!

"Chura kaja!" wananiimbia. "Fungeni madirisha, mvua inanyesha!"

Nikaanza kuvaa sweta, joto la Kilombero lote lile, nimefunga vifungo mpaka kidevuni. Bibi akanivua kwa nguvu, akaona. Hakushtuka. Alinisogeza mlangoni penye mwanga, akaligeuzageuza kwa kidole, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ulimkaribisha nani?"

"Sijamkaribisha mtu, Bibi."

"Kumbuka vizuri. Jioni jioni. Hukusikia hodi, ukaitika, ukatoka ukakuta hakuna mtu?"

Sasa niseme ukweli, ni mtoto gani wa kijijini ambaye hajawahi kuitikia hodi akakuta hakuna mtu? Nilikumbuka mara moja, giza linaingia, ninaosha vyombo, nikasikia kama sauti, nikasema karibu, nikatoka, uwanja mtupu. Nikamwambia. Bibi akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyepata jibu la kipimo.

"Basi ndiye huyo. Uliposema karibu aliingia. Angeingia wapi kama si mwilini mwako, na mlango ulikuwa ni mdomo wako? Nyama kama hii haioti, inakaribishwa. Tangu leo usilitaje jina lake. Mwite mgeni."

Nilicheka kidogo. Bibi hakucheka.

Dawa ilikuwa singa, unywele wa mkia wa ng'ombe, na Bibi alisisitiza uwe wa jike lililozaa. Wapogoro sisi hatukuwa na ng'ombe, tulikuwa na mpunga. Bibi akanishika mkono tukaenda kwa Baba Masanja, Msukuma aliyekuwa amehamia na mifugo yake upande wa pili wa barabara.

"Shikamoo, Baba Masanja," nikasema.

"Marahaba, mjukuu. Vitumbua vimekuja vyenyewe leo?"

"Vitumbua kesho," Bibi akamwambia. "Leo nataka unywele mmoja wa mkia."

"Mmoja tu? Chukua mkia mzima, mama, mradi ng'ombe umwache."

Jioni ile Bibi akakifunga kikonyo kwa ile singa, fundo dogo, akalikaza mpaka nikauma kanga yake. Kila baada ya siku kadhaa atakaza tena. Mgeni atakosa chakula, atachoka, ataondoka mwenyewe. Sharti lilikuwa moja tu.

"Singa ikiwa shingoni, marufuku kusema karibu. Karibu haina macho, haichagui mgeni. Ukimwambia Baba Masanja karibu, na huyu naye anasikia, anasema kumbe bado napendwa, anakaa."

Kwa msomaji wa mahali pengine labda hili ni sharti jepesi. Jaribu wewe! Jaribu kuishi nyumba ya muuza vitumbua bila karibu. Asubuhi hata jua halijashika vizuri, hodi, hodi, hodi, na mimi ndiye nakaa mlangoni kupokea watu. Mtu anasema hodi, namtazama. Anarudia, namtazama. Nikavumbua majibu yangu. "Tupo!" nasema. Au, "Vipo!" Kuna mama mmoja nilimwambia, "Usirudi!" nikimaanisha usirudi nyumbani bila vitumbua, akaenda kumwambia Bibi mjukuu wako amelogwa adabu. Bibi akawa anaacha kikaango anakimbia mlangoni kukaribisha yeye, vitumbua vinaungua upande mmoja. Shuleni mgeni akiingia darasani tunasimama wote kuimba karibu mgeni wetu, mimi nafungua mdomo kama samaki, sauti hakuna. Na wewe unakula mtu anapita usimkaribishe ni uchoyo, kwa hiyo nikawa nakula nimegeukia ukuta.

Lakini nilishika sharti. Nilikuwa nimeamua. Nilitaka shingo yangu irudi, nilitaka kuvua sweta, na mtoto akiamua, jamani, mkubwa haoni ndani.

Mgeni akaanza kubadilika rangi. Akawa mwekundu, kisha kama zambarau, kisha mweusi. Bibi akafurahi. Kisha shingo yenyewe ikaanza kuvimba, ngozi ya pembeni inang'aa, na nikigeuza kichwa nasikia maumivu mpaka kwenye jino. Usiku nikawa nasikia baridi. Bibi akapaka majivu ya jikoni, akasema vumilia. Nikavumilia. Leo nikifikiri zile siku mwili unanisisimka, maana najua sasa kidonda cha shingoni kikioza kinaweza kwenda wapi. Wakati ule sikujua, niliogopa kitu kimoja tu, kwamba nitajisahau.

Mchana mmoja nimekaa kwenye kigoda nimejikunja, nikasikia uwanjani, "Hodi humu! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Amekuja kutoka shambani kuchukua chumvi na kuniona. Amesimama mlangoni, amekonda, jua la bonde limempiga mpaka midomo imepasuka, anatabasamu, anasubiri. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hodi, mama," akarudia. Alikuwa ananiita mama, mimi nina jina la mama yake.

Nikatikisa kichwa. Tabasamu likaanza kumtoka. Nililiona likitoka, likashuka usoni polepole, na macho yakauliza kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu hawezi kukibeba.

"Mwanangu hanikaribishi? Nimekaa sana shambani, eti? Umenichukia?"

"Karibu mama!" likanitoka. "Karibu mama, karibu, karibu!" Likatoka lote, zile karibu zote nilizokuwa nimezimeza, nikamrukia kiunoni, na hapohapo nikakumbuka, nikashika shingo nikapiga kelele kana kwamba nimejichoma.

Bibi alitoka jikoni mbio na kijiti cha kugeuzia vitumbua mkononi. Mama alikuwa ameshanitoa mkono, anatazama.

"Hiki ni nini, mama?" akamuuliza Bibi. Alikuwa mkwe wake, na sauti yake kwa mkwe siku zote ilikuwa ya chini.

"Mgeni anaondoka," Bibi akasema. "Alikuwa anaondoka, mpaka sasa hivi."

"Mtoto anachemka."

"Anachemka kwa sababu mgeni anafungasha. Wewe ukifungasha mizigo huhemi?"

"Shingo imevimba, mama. Usaha huu hapa."

"Siku mbili tu, mwanangu. Dawa ukiikatiza inageuka."

Mama akapiga goti. Nilidhani anaomba msamaha, kumbe ananifunga mgongoni kwa kanga yake, mkubwa vile nilivyokuwa, miguu inaburuza. Akasimama. Na nilisikia kupitia mgongo wake moyo unavyopiga, kwa hiyo najua kwa hakika kwamba alikuwa anaogopa.

"Mama, nakuheshimu," akasema. "Shikamoo yako nitakupa asubuhi na jioni mpaka nife. Lakini shingo hii niliizaa mimi."

Akatoka. Mimi nalia mgongoni, wala si kwa maumivu, nalia kwa sababu nimeharibu. "Bibi, nimesema karibu! Nimesema!"

Bibi alikuwa amebaki mlangoni. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema umeona sasa, na mimi ningeamini maisha yangu yote. Alinitazama kwa muda, kijiti kinadondosha mafuta kwenye mguu wake.

"Ile ya mama haihesabiwi," akapaza sauti. "Mama si mgeni. Nenda."

Zahanati walikata singa, wakakata na kile kilichobaki, walisafisha kidonda nikiwa nimeshikwa na watu wawili, nikachomwa sindano, na nilichomwa nyingine kesho yake na kesho kutwa. Kovu ninalo, limekaa kama ukucha mdogo. Tuliporudi Bibi aliuliza swali moja tu.

"Alipotoka, mlimuaga?"

"Hatukumuaga," mama akajibu.

"Basi vizuri, hakuambiwa karibu tena. Harudi."

Na hakurudi. Kila mmoja wao alibaki na imani kwamba yeye ndiye aliyemtoa, wakaendelea kupika pamoja.

Sasa Neema. Mama mkwe aliteremka treni akiwa na begi, na mchele, na kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa, ndani yake maziwa ya mnyaa. Mnyaa ule ule wa kwenye uzio. Ni mtu mwema, nasema hivi moyo ukiwa mweupe. Nilimpokea, nikamsalimu, nikampa maji ya kuoga, chakula, wala sikusubiri amalize siku ya pili ndipo niseme, maana nilijijua, ningelala na woga wangu ningeamka nimekubali.

"Mama, hii dawa jicho la Neema haitaligusa."

"Tone moja, juu ya kinyama tu. Mume wako nilimtoa masundosundo ya vidole kwa hii hii. Muulize kama ana kidole pungufu."

"Vidole ni vidole. Mnyaa ukiingia jichoni unaunguza, na mtoto huyu hatulii hata nikimkata kucha."

"Tutamshika."

"Ndiyo maana nakataa, mama. Kwa sababu tutamshika."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mkwe. "Nyie mliosoma. Na huko hospitali wakikwambia si kitu?"

"Nitakuwa nimeogopa bure," nikasema. "Sijui furaha nyingine kubwa kama kuogopa bure."

Tulienda wote watatu. Daktari wa macho alimulika, akageuza kope taratibu huku Neema amekaa mapajani kwa bibi yake anaimbiwa, akasema ni chunjua, yaani sundosundo tu, si saratani, halijagusa jicho. Asikwanguliwe, asifungwe, asipakwe kitu. Kwa watoto mara nyingi hukauka lenyewe. Likikua au jicho likiwa jekundu, mrudishe siku hiyohiyo. Mama mkwe akauliza, "Kwa hiyo dawa ni ipi?" Daktari akamwambia dawa ni kusubiri. Njiani aliguna, akasema kusubiri hata yeye angetugawia, tena bila foleni.

Nimewaza sana kuhusu Bibi tangu siku ile, Mungu amrehemu. Zamani nilikuwa namwona kama mtu asiyeogopa. Sasa nina mtoto, naona vingine. Bibi alinikuta na kitu mwilini asichokijua, wazazi wangu wako mbali, akaogopa, na woga ule akautafutia kazi, unywele wa kutafuta, fundo la kukaza, neno la kukataza. Mtu akiwa na kazi hajioni anatetemeka. Mama yangu aliogopa vilevile, ila yeye alinifunga mgongoni akaenda na woga wake barabarani. Wote wawili walinipenda. Ningeweza kuwa nimekufa kwa upendo wa mmoja, na hilo nalisema bila chuki, nikiwa nimeshika kovu langu.

Mimi nimepewa kazi ambayo hata wao hawakupewa. Kinyama bado kipo. Kuna siku nakiona kimesinyaa, kuna siku naapa kimeongezeka, na vidole vyangu vinataka kufanya jambo, lolote. Asubuhi hii nimemwosha Neema uso, nikamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, nikaangalia jicho, jeupe, safi. Nikaangalia kinyama. Nikamfuta maji, nikakiacha.