Siku Niliyosoma Daftari la Kanisa Mbele ya Rehema

Nina aibu ambayo sijapata kuieleza kwa mpangilio, na kwa kuwa hapa Malvern, mtaa wetu wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, kila mtu ana simulizi yake kuhusu Jumapili ile (mmoja anadai nilikuwa nimelewa, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe), naona afadhali niieleze mwenyewe, kwa usahihi.

Mimi ni karani mstaafu wa masjala, natoka Kigoma, naishi kwa binti yangu jirani na Jules Street, na ni katibu wa kanisa letu, ambalo waumini wake wengi ni Wakongomani. Jumapili hiyo tulimpokea Rehema, mwimbaji wa muziki wa soul ambaye siku hizi sauti yake inasikika kila duka unaloingia, lakini sisi tulimjua akiwa mtoto wa kwaya. Alikuwa hajakanyaga kanisani kwa miaka tisa, tangu wazee walipomwondoa kwenye kwaya kwa kosa la kuimba baa. Miaka hiyo yote hakuongea na mama yake, kwa sababu siku ya hukumu mama alikaa kimya badala ya kumtetea. Walikuwa wamepatana mwezi mmoja tu uliopita, na mama, fundi cherehani, alikaa kiti cha mbele akiwa amevaa kitenge kipya.

Kazi yangu ilikuwa ndogo: kusoma wasifu wa Rehema kutoka kwenye karatasi iliyotumwa na wasimamizi wake. Karatasi ikasema "alijifunza kuimba peke yake". Peke yake! Nilikasirika hata miwani ikaingia ukungu. Mama yake ndiye aliyemfundisha mahali pa kuvuta pumzi, kila Jumatano, kwenye benchi la sauti ya pili, na mihtasari ninayo. Basi karatasi yao nikaitia mfukoni, nikachukua daftari la kanisa lenye mihtasari hiyo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Nilisoma siku aliyojiunga na kwaya, nikasoma jinsi alivyoimba peke yake mara ya kwanza akiwa amesimama juu ya kreti ili aonekane, na pembeni yangu Aline, msusi ambaye ndiye mkalimani wetu, akatafsiri kila sentensi kwa Kizulu kwa ajili ya wageni. Vigelegele vikapigwa. Nami nikanogewa, nikafunua ukurasa uliofuata na kuendelea kwa sauti ileile ya masjala: "Kikao cha nidhamu. Shauri la dada Rehema kuimba katika baa, Kensington. Aliyeleta shauri: mama yake mzazi."

Aline akanyamaza.

Mtu mwenye busara angejiuliza kwa nini. Mimi nilidhani hakusikia. Mchungaji alikuwa akipitisha kidole shingoni, nikadhani tai yangu imekaa upande, nikainyoosha, nikaisogelea maiki na kurudia neno kwa neno: "Aliyeleta shauri, mama yake mzazi. Dada Aline, tafsiri tafadhali, wageni wanangoja."

"Papa Katibu," akaninong'oneza, na maiki ikaupeleka mnong'ono huo hadi mlangoni, "eish, funga hiyo kitabu!"

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimesoma. (Mwandiko ulikuwa wangu, na nilikuwa nimeahidi kuitunza siri ile; lakini mtu aliyeandika mihtasari maisha yake yote hukumbuka faili lilipo, yaliyomo humtoka.)

Rehema alisimama. Hakunitazama mimi.

"Mama, ni wewe?"

"Ni miye," mama akajibu, mkoba ameukumbatia. "Nilisema wazee watakuonya tu, urudi nyumbani. Sikujua watakufukuza."

"Na ukanyamaza miaka tisa?"

"Mwanangu, niliogopa kukupoteza kabisa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na daftari.

Kisha Rehema akanigeukia. "Papa Katibu, miye nilijua ni wewe uliyenishtaki. Miaka tisa nakuchukia bure!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kikamponyoka Rehema naye, halafu akalia, akiwa amesimama palepale, bila kumkumbatia mtu yeyote. Alipomaliza akajifuta uso, akaenda kwenye kinanda.

"Mama, sauti ya pili. Simama."

Mama akasimama. Sauti yake ilikuwa imekauka, akaingia akiwa amechelewa mstari mzima, na Rehema akarudi mwanzo, akamngoja.

Waliondoka kila mmoja na gari lake. Naambiwa sasa wanapigiana simu, nyingine fupi, nyingine za kugombana. Mimi wazee wameniachia daftari na kuninyang'anya maiki, adhabu ninayoiona ndogo. Na nimeapa: wasifu wa mtu nitausoma kama alivyouleta mwenyewe, makosa na yote, na siku mkalimani atakaponyamaza, nitanyamaza naye, kisha nijiulize nimesema nini.